Wimbi hupita, maji hubaki: mienendo mitatu ya maji ya bahari yetu

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikianza kukaza na Idara ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari ya mawimbi makubwa, gumzo la Mombasa hugeuka kuwa la bahari. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoelekea Tanzania na sisi wa huku tukaonywa juu ya upepo mkali na bahari kuchafuka. Kwenye baraza za Mji wa Kale, kwenye matatu za Bamburi na kwenye foleni ya feri, wengi walizungumza kana kwamba kila wimbi ni shehena ya maji iliyopakiwa katikati ya Bahari ya Hindi ili ije imwagwe kwetu. Wengine wakauliza: maji hayo yakishafika yataenda wapi?

Swali hilo ni zuri kuliko linavyoonekana. Wimbi moja likifika kila baada ya sekunde 8, kwa siku moja yanafika mawimbi 10,800. Kama kila moja lingekuwa linaleta maji mapya, kisiwa cha Mombasa kingefunikwa kabla ya juma kwisha. Hakifunikwi kwa sababu wimbi halisafirishi maji, linasafirisha nguvu. Maji yenyewe hupanda, hushuka, kisha hurudi karibu palepale yalipokuwa.

Tunachanganyikiwa kwa sababu maji huwa na mienendo mitatu kwa wakati mmoja, nasi tunaitia yote katika kapu moja. Upo mtikisiko wa chembe zake, ambao haukomi hata kwenye glasi iliyotulia mezani. Lipo wimbi, linalopita ndani ya maji na kuyaacha nyuma. Na upo mkondo, ambao ndio hasa unaoyahamisha maji kutoka mahali hadi mahali. Anayeitofautisha mitatu hii ataelewa kwa nini barafu huelea na kwa nini chupa ya soda baridi hutoka jasho. Ataelewa pia jambo lililo zito zaidi, kwamba bahari inaweza kumchukua mtu siku ambayo haina wimbi hata moja la kutisha.

Tuanze na kilicho kidogo kabisa.

Chembe yenyewe

Molekuli ni chembe ndogo kabisa ya maji ambayo bado ni maji. Imeundwa kwa atomi 2 za haidrojeni na atomi 1 ya oksijeni. Ukiivunja zaidi ya hapo, unabaki na gesi mbili ambazo hata moja haikati kiu. Udogo wake ni mgumu kuuwaza. Katika mstari wenye urefu wa milimita 1, zinaingia molekuli zaidi ya milioni 3 zikiwa zimepangwa moja baada ya nyingine. Kijiko kimoja cha chai kina molekuli nyingi kiasi kwamba lazima uandike 167 kisha ufuatishe sufuri 21. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa molekuli, hata tone linaloning'inia kwenye ukingo wa kifuu ni bahari.

Molekuli hizi zinavutana. Upande wenye haidrojeni wa moja huvutwa na upande wenye oksijeni wa jirani yake, na mvuto huo ndio unaoyafanya maji yashikane. Wakati huohuo kila molekuli inatikisika, na joto si kitu kingine ila kipimo cha mtikisiko huo. Maji yanapokuwa barafu, yanapokuwa maji tunayoyajua, au yanapokuwa mvuke, tunachokitazama ni matokeo ya ushindani wa pande hizo mbili: mvuto unaozikusanya na mtikisiko unaozitawanya.

Anayevuka Likoni kila siku ana mfano wa jambo hili mbele ya macho yake. Tuseme abiria wamekaa kwenye mabenchi, safu kwa safu, wakingoja lango lifunguliwe. Kila mtu ana mahali pake, na majirani zake ni walewale. Hakuna anayehama, lakini pia hakuna aliyetulia: huyu anatikisa mguu, yule anajipepea kwa gazeti, mwingine anageuka kumtazama mtoto. Hiyo ndiyo barafu. Molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu, kila moja ikishikana na majirani 4, na kila moja inatetemeka palepale ilipo. Watu wengi hudhani kwamba kuganda ni kusimama kabisa. Sivyo. Ndani ya bonge la barafu ambalo mchuuzi wa samaki amelifunika kwa gunia, kila molekuli inatetemeka mara trilioni kadhaa kwa sekunde. Imenyimwa ruhusa ya kuhama tu.

Lango likifunguliwa, watu huinuka na kuteremka kuelekea feri. Sasa wamebanana bega kwa bega na hakuna mwenye nafasi yake maalumu. Unampisha huyu, unampenya yule, na jirani yako wa sasa hivi si wa dakika iliyopita. Hayo ndiyo maji. Molekuli bado zimeshikana, lakini kila mshiko hudumu kwa kitambo kisichowazika, kama sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kisha molekuli inaachia na kumshika mwingine. Ndiyo sababu maji humiminika na kufuata umbo la chombo, lakini hayatawanyiki hewani yakapotea mara moja.

Ukiutazama umati huo vizuri utaona jambo jingine. Walipokuwa wamekaa, walichukua nafasi kubwa kuliko walivyosimama, maana magoti nayo yanahitaji mahali. Barafu iko vivyo hivyo. Mpangilio wake una nafasi wazi katikati, kwa hiyo maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Kwa uzito uleule barafu ina ukubwa zaidi, na kwa hiyo huelea. Na ndiyo maana chupa iliyojazwa pomoni ikasahaulika kwenye friza hupasuka. Vitu vingi duniani hufanya kinyume: vikiganda, hujibana na kuzama ndani ya kimiminika chake. Maji ni ya ajabu, na inafaa tulistaajabie jambo hilo badala ya kulizoea.

Kisha feri inafika ng'ambo, mlango unashushwa, na kila mtu anashika njia yake. Mmoja anadandia tuktuk, mwingine matatu ya Ukunda, mwingine anakwenda kwa miguu bila kujua aliyesimama naye ameelekea wapi. Huo ndio mvuke, maji katika hali ya gesi. Katika joto la Mombasa la nyuzi 30, molekuli ya mvuke hewani huenda kwa kasi ya wastani wa takriban mita 600 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, ingawa haifiki mbali kabla ya kugongana na molekuli nyingine za hewa.

Abiria ni walewale mabenchini, ndani ya feri na ng'ambo. Hakuna aliyenenepa njiani. Nalisema hili kwa sababu ipo dhana, hata miongoni mwa wanafunzi wazuri, kwamba kitu kikipata joto molekuli zake huvimba. Lita 1 ya maji ikichemka yote hadi kwisha, hutoa mvuke wa zaidi ya lita 1,600. Molekuli hazikukua hata kidogo. Kilichokua ni nafasi kati yao.

Dele la kahawa na chupa ya soda

Kosa jingine linalojirudia ni kudhani kwamba mvuke ni ule moshi mweupe unaotoka kwenye birika. Msogelee muuza kahawa, dele lake likiwa juu ya makaa na kahawa inachemka. Usilitazame wingu jeupe. Tazama ncha ya mdomo wa dele. Kati ya ncha hiyo na mahali weupe unapoanzia pana nafasi ndogo, kama upana wa kidole, ambayo inaonekana tupu. Mvuke uko hapo. Mvuke wa maji hauna rangi, hauonekani. Ule weupe ni maji tayari, matone madogo mno yaliyozaliwa mvuke ulipokutana na hewa yenye joto dogo zaidi. Ukifuata wingu hilo kwa macho utaliona likififia na kutoweka kabla halijafika mbali, kwa sababu matone hayo yamegeuka kuwa mvuke kwa mara ya pili. Na ile nafasi inayoonekana tupu ndiyo inayounguza vibaya kuliko yote, kwa kuwa mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachilia joto lote lililotumika kuzitenganisha molekuli zake. Mama mwenye mtoto anayetambaa karibu na jiko alijue hilo.

Mapovu makubwa ya maji yanayotokota nayo si hewa, ni mvuke. Hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji hutoka mapema, katika vipovu vidogo vinavyonata kwenye sufuria kabla maji hayajachemka. Na maji yakishaanza kutokota, kuongeza moto hakuyapandishi joto. Huku kwetu kwenye usawa wa bahari hubaki kwenye nyuzi 100. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka karibu na nyuzi 94. Moto wa ziada huharakisha tu molekuli kutoroka, na gesi ya mtungi inakwisha bure.

Sasa soda. Itoe kwenye friji uiweke mezani, na baada ya dakika chache inatiririka maji kwa nje. Nimesikia wakisema chupa inavuja. Chupa haivuji. Maji hayo yalikuwa hewani. Chumba cha mita 3 kwa mita 3 chenye dari ya mita 3, katika siku ya kawaida ya joto na unyevu wa Mombasa, huwa na maji zaidi ya nusu lita yanayoelea hewani kama mvuke. Molekuli za mvuke zikigonga chupa baridi hupoteza kasi, mvuto unazishinda, zinashikana. Ni safari ya Likoni kwa kurudi nyuma. Na ndiyo sababu jasho letu halikauki upesi: hewa imeshajaa, kila molekuli inayotoroka kwenye ngozi inakaribia kubadilishana na nyingine inayorudi.

Kuyeyusha barafu nako kunahitaji joto jingi kuliko wengi wanavyodhani. Joto linaloyeyusha kilo 1 ya barafu bila kuipandisha hata nyuzi moja linatosha kuyapasha maji ya kilo 1 kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Hapo ndipo riziki ya mvuvi inapolindwa. Barafu ndani ya boksi lake hulifyonza joto la samaki kwa muda mrefu, kwa sababu joto hilo linatumika kuwang'oa abiria mabenchini, sio kuwapa kasi zaidi.

Kasi kubwa, safari fupi

Ndani ya maji yaliyotulia, molekuli zina kasi ya wastani ileile kama zile za mvuke wenye joto hilohilo. Basi mbona maji ya glasi hayaendi popote? Kwa sababu kila molekuli imezingirwa. Haijamaliza hata upana wake mwenyewe kabla haijagongwa na kugeuzwa upande mwingine. Inakwenda mbele, inarudi, inaenda kando. Ukiifuatilia molekuli moja kwenye maji yaliyotulia tuli kwa siku nzima, kwa wastani itakuwa imesogea sentimita 3 au 4 tu kutoka ilipoanzia. Ili isogee mita 1 kwa mtikisiko wake peke yake, itahitaji zaidi ya miaka 2. Ndiyo maana chai hukorogwa.

Mtikisiko huu haukuwa wa kudhaniwa tu. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown, kwa darubini, aliona vijichembe vilivyotoka kwenye chavua vikicheza ndani ya maji bila kukoma, bila kuguswa na kitu. Mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwa hesabu kwamba vijichembe hivyo vinagongwa na molekuli za maji zisizoonekana. Huo ni mwendo wa kwanza kati ya ile mitatu. Uko ndani ya bahari yote, juu na chini, shwari na dhoruba, na hauna uhusiano wowote na upepo.

Wimbi ni kitu gani basi

Turudi kwenye msongamano wa Likoni. Mtu wa nyuma akimsukuma aliye mbele yake, naye akamwegemea wa mbele, msukumo utafika langoni kwa sekunde chache tu. Aliyeanza bado yuko nyuma vilevile. Kilichosafiri ni msukumo, wala si mtu. Hapo mfano wetu wa feri unakomea, kwa sababu juu ya uso wa bahari maji hayaendi mbele na nyuma tu, yanazunguka.

Hili unaweza kuliona bila chombo chochote. Simama Mama Ngina, pale ufukweni mwa kisiwa cha Mombasa, utafute kitu kinachoelea mbali kidogo na pale mawimbi yanapovunjika. Kumbi la nazi linafaa sana. Wimbi likiwa linakuja, kumbi linavutwa kwanza kuelekea baharini, kama linalikimbilia wimbi. Kisha linapanda. Likiwa kileleni linasukumwa kuelekea nchi kavu. Linashuka, na likifika bondeni linarudi tena kuelekea baharini. Wimbi limeshapita, liko njiani kuja kwako, na kumbi liko karibu palepale. Limechora duara. Maji yaliyo chini na kando yake yamechora duara hilohilo. Mwanahisabati Franz Gerstner wa Prague aliieleza miduara hii kwa hesabu mwaka 1802.

Tuiwekee namba. Chukua wimbi lenye kimo cha mita 1 kwenye maji ya kina kirefu, likifuatwa na jingine baada ya sekunde 8. Masafa kutoka kilele hadi kilele ni mita 100 hivi, na wimbi linakwenda kilomita 45 kwa saa, kasi ya matatu barabarani. Maji yenyewe, kwa sekunde hizo 8, yamezunguka duara lenye upana wa mita 1. Kasi yake ni kama sentimita 40 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka yoyote. Ukizama, miduara inapungua. Kwenye kina cha mita 11 imeshakuwa nusu. Kwenye kina cha mita 50, nusu ya urefu wa wimbi, imebaki sentimita chache tu. Mzamiaji anajua: juu bahari imechafuka, chini hakuna habari.

Wapo wanaosema kwamba kama ni hivyo basi kumbi lisingefika ufuoni kamwe, na sote tumeona makumbi ufuoni. Wana haki. Duara halifungi sawasawa. Maji ya juu huenda mbele kidogo zaidi ya yanavyorudi, jambo alilolionyesha mwanahisabati George Stokes mwaka 1847. Kwa wimbi letu la mfano, likiwa limekwenda kilomita 45, maji ya juu kabisa yamesogezwa mita 45 hivi. Sehemu moja ya elfu. Kwa kumbi lenye subira, inatosha. Ongeza upepo unaolisukuma moja kwa moja na mkondo, litafika.

Kuhusu chanzo, mwezi unasingiziwa. Mwezi, ukisaidiwa na jua, hufanya maji kujaa na kupwa. Mawimbi tunayoyaona yakivunjika ni kazi ya upepo, na upepo huo si lazima uwe wa hapa. Ipo siku hewa imetulia Nyali, jani la mnazi halitikisiki, na bado mawimbi marefu yanakuja kwa utulivu na nguvu. Hayo yalizaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, siku kadhaa kabla, na yamesafiri yakiwa yameuacha upepo ulioyazaa nyuma kabisa.

Mwambani, hesabu inabadilika

Ukitazama baharini kutoka Nyali, Bamburi hadi Shanzu, utauona mstari mweupe mbali na ufuo. Huo ni mwamba wa matumbawe. Wimbi likifika mahali pa kina kidogo, miduara ya chini inagusa sakafu ya bahari na kubanwa. Wimbi linapungua kasi, mawimbi yanakaribiana, kimo kinapanda. Kimo kikikaribia sehemu nane ya kumi ya kina cha maji, kilele kinakwenda kasi kuliko msingi wake na kuanguka mbele. Wimbi limevunjika.

Hapa ndipo maji yanapokwenda mbele kweli. Povu linalokupiga magotini ni maji yanayosafiri. Wakati wa maji kupwa, mwamba hupokea karibu pigo lote na ndani kwetu kunakuwa bwawa. Wakati wa maji kujaa, hasa ya bamvua, yaani yale yanayojaa zaidi, kina juu ya mwamba kinaongezeka, mawimbi yanapita juu yake bila kuvunjika sana na kumalizia hasira ufuoni. Wimbi ni lilelile, kilichobadilika ni kina. Mwamba huu ukifa na kumomonyoka, hakuna ukuta wa saruji utakaoifanya kazi yake kwa bei ileile, nami naumia nikiona watu wakitembea juu ya matumbawe hai kwa viatu ili wapige picha.

Maji yaliyorukia ndani ya mwamba lazima yatoke. Na hapo tunafika kwenye mwendo wa tatu, unaoua.

Mkondo

Mwambani pana mapengo, wavuvi wanayaita milango. Maji yaliyoingizwa na mawimbi, pamoja na maji yanayopwa, hutafuta milango hiyo na kutoka kwa nguvu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hupita mita 3, na tofauti hiyo yote hutoka kwa muda wa saa 6 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kinachotoka ni kidogo zaidi. Ni bahari ileile, ufuo uleule, na hatari mbili tofauti.

Mtu akichukuliwa hapo, husemwa wimbi limemvuta. Usemi huo unawafundisha watu kuogopa kitu kisichostahili na kukiamini kisichoaminika. Wanayatazama mawimbi, wanatafuta mahali yasipovunjika, mahali palipotulia penye rangi nzito kidogo, na wanaingia hapohapo. Mara nyingi mahali hapo pametulia kwa sababu maji yanatoka. Wimbi lingemzungusha na kumrudisha; mkondo hauna mzunguko, unabeba. Aliyechukuliwa asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu, maana atachoka kabla haujachoka wenyewe. Aelee, apaze mkono na sauti, kisha aogelee sambamba na ufuo hadi atoke kwenye njia yake. Mikondo hii ni myembamba kuliko inavyodhaniwa.

Ukitaka kuuona mkondo ukiwa peke yake, bila wimbi, simama karibu na Daraja la Nyali maji yanapopwa kutoka mkono wa bahari wa Tudor. Uso unaweza kuwa laini kabisa, na bado takataka zinapita mbio. Nje ya mwamba upo mkubwa zaidi, Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini. Msimu wa kusi, upepo na mkondo huenda pamoja. Msimu wa kaskazi, upepo na mawimbi hutoka kaskazini mashariki, lakini maji ya nje ya Mombasa kwa kawaida huendelea kwenda kaskazini, yakipingana nayo. Sioni uthibitisho bora wa hoja yangu: mawimbi yanakuja upande huu, maji yanakwenda upande ule, kwa wakati mmoja, mahali pamoja.

Na tsunami je?

Tangu 26 Desemba 2004, kila tetesi ya mawimbi makubwa huwafanya watu wataje tsunami. Siku ile tetemeko la ardhi karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, lilileta maafa hadi Afrika Mashariki: Somalia walikufa karibu watu 300, Kenya alikufa mtu mmoja. Hofu hiyo ina msingi, ila tsunami si wimbi la kusi lililokuzwa.

Wimbi la upepo lina urefu wa makumi au mamia ya mita, na huyatikisa maji ya juu tu. Tsunami huanza sakafu ya bahari inaponyanyuka au kushuka, na urefu wake kutoka kilele hadi kilele unaweza kufika mamia ya kilomita. Mbele ya urefu huo hata kina cha mita 4,000 ni maji mafupi, kwa hiyo maji yote, kutoka juu hadi chini, husogea pamoja. Wimbi lenyewe hukimbia zaidi ya kilomita 700 kwa saa katika kina hicho. Lakini hata hapo sheria haivunjiki: katikati ya bahari kimo chake huwa chini ya mita 1 na maji yenyewe husogea sentimita chache tu kwa sekunde. Meli iliyo huko kwenye kina kirefu yaweza kupitiwa bila nahodha kujua. Likifika maji mafupi, kasi inapungua, nguvu ile yote inabanwa kwenye kina kidogo, na maji yanaanza kuingia nchi kavu yasikome kwa dakika nyingi, ilhali wimbi la kawaida linaingia na kurudi kwa sekunde. Bahari ikijivuta ghafla ikaacha samaki mchangani wakati usio wa maji kupwa, mtu apande juu, asisubiri tangazo.

Limebaki lile tangazo la kila msimu. Utabiri ukisema mawimbi ya mita 2, kwa kawaida namba hiyo ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi. Si kikomo. Katika saa chache za bahari hiyohiyo, wimbi moja moja laweza kukaribia mita 4. Na nguvu ya wimbi haipandi sawa na kimo chake: la mita 2 lina nguvu mara 4 ya lile la mita 1. Kwa mwenye mtumbwi au ngalawa, tofauti hiyo ndiyo ya kutoka au kutotoka. Lakini kimo cha mawimbi hakisemi chochote kuhusu mkondo. Kwa huo, soma jedwali la maji kujaa na kupwa, au muulize mvuvi wa pale unapotaka kuingia baharini mwezi una siku ngapi na mlango uko wapi.